Kanuni: neno lililoanza kama mwanzi wa kupimia

Mwanasheria hulikuta neno kanuni kwenye Gazeti la Serikali. Mwanafunzi wa hesabu hulikuta anapotafuta eneo la duara, Mkristo anapokiri Kanuni ya Imani, na mpenzi wa taarab asilia analijua kama jina la ala yenye nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imepakatwa. Kamusi hupanga maana hizi moja chini ya nyingine, 1, 2, 3, bila kueleza zinahusianaje. Zinahusiana kwa sababu zote zimetoka kwenye kifaa kimoja cha fundi: ufito mnyoofu ambao Wagiriki wa kale waliuita kanōn.

Anayelitafsiri neno hili kichwani kama "amri" atapotea mapema. Kanuni haikuanza kama agizo la mkubwa kwa mdogo. Ilianza kama kitu kinacholazwa ubavuni mwa kitu kingine ili kupinda kuonekane. Amri humtaka mtu atii, ilhali kanuni humwonyesha palipokosewa. Tofauti hiyo inafafanua karibu kila maana iliyozaliwa baadaye.

Kwa Kigiriki huandikwa κανών, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, na wingi wake ni kanones. Wataalamu wengi wa asili za maneno hulihusisha na kanna, yaani mwanzi au tete, na kanna yenyewe haikuwa ya Kigiriki tangu mwanzo. Ilitoka kwa majirani wa mashariki waliozungumza lugha za Kisemiti: Kiakadi kilisema qanû, Kiebrania qane, Kiaramu qanya. Huko huko mashariki mwanzi ulikuwa tayari kipimo. Katika Ezekieli sura ya 40 mtu anapima hekalu kwa mwanzi wa dhiraa 6, kila dhiraa ikiwa ndefu kuliko ile ya kawaida kwa upana wa kiganja. Kwa vipimo vyetu ni mita 3 na ushei.

Mwanzi una sifa nzuri kwa kazi hiyo: ni mwepesi, ni mrefu, hukatwa kwa kisu. Kasoro yake ni vifundo, na tabia ya kupinda unapokauka. Kwa hiyo Wagiriki walibakiza jina na kubadilisha malighafi. Kanōn ya seremala ilikuwa ya mbao, na ya kusawazishia mawe ya hekalu iliweza kuwa ya jiwe.

Kiswahili, kwa bahati, kimerithi tete mbili za Wagiriki. Neno lao jingine la tete lilikuwa kalamos, na kwa kuwa tete lilichongwa ncha na kuchovywa wino, kalamos ikawa qalam ya Waarabu na kalamu yetu. Hata mwisho wa maneno haya mawili unafuata kawaida moja ya Kiswahili: neno la Kiarabu linaloishia kwa m hupenda kuongezwa u, kama kalamu na salamu, na linaloishia kwa n hupenda kuongezwa i, kama kanuni na sultani.

Ushahidi wa zamani kabisa wa kanōn kwa Kigiriki uko katika Iliadi, utenzi wa vita wa Homer, na wala si mambo ya sheria. Mahali pamoja kanones ni vijiti vinavyoishikilia ngao kwa ndani. Mahali pengine, katika kitabu cha 23, katika mashindano ya mbio, shujaa Odysseus anakimbia nyuma ya mwenzake Ajax akiwa karibu naye kama kanōn inavyokaribia kifua cha mwanamke anapoivuta akifuma kitambaa. Bado ni kijiti tu, na sifa yake ni kunyooka.

Maana ya kipimo ilikomaa kwenye kiwanja cha ujenzi, na hapa inafaa kutulia, kwa sababu ndipo falsafa yote iliyofuata ilipochota mfano wake.

Fundi mwashi wa Kigiriki alikuwa na uzi uliopakwa rangi wa kupigia mstari, timazi, kipimapembe, bikari, na kanōn. Kazi ya kanōn haikuwa kupima urefu. Ilikuwa kuthibitisha kwamba uso wa jiwe umenyooka kiasi cha jiwe la pili kulala juu yake bila mwanya, kwa kuwa mahekalu makubwa yalijengwa bila saruji kati ya mawe. Mkataba wa ujenzi wa hekalu la mungu Zeus huko Lebadeia, Ugiriki, uliochongwa kwenye jiwe katika karne ya 2 KK, unamtaka mkandarasi apime kazi yake kwa kutumia mafuta safi ya zeituni na udongo mwekundu wa Sinope.

Njia yenyewe ni hii. Udongo mwekundu husagwa laini na kuchanganywa na mafuta, kisha hupakwa kwa wembamba sana kwenye uso wa kanōn. Kanōn hulazwa juu ya jiwe na kusogezwa kidogo mbele na nyuma. Ikiinuliwa, jiwe limebaki na madoa mekundu pale tu palipoinuka. Fundi huchonga madoa hayo, hupaka tena, hulaza tena, na hurudia mpaka wekundu uenee sawasawa. Kosa kubwa ni kupaka rangi nene. Mafuta mengi hujaza mabonde, jiwe lote huwa jekundu, na uso mbovu huonekana mzuri. Kosa la pili ni kulaza kanōn upande mmoja pekee. Uso unaweza kunyooka kwa urefu na kujinyonga kwa mshazari, kwa hiyo lazima kanōn ipite pia kona kwa kona.

Lakini kanōn yenyewe inapimwa kwa nini? Swali hili lina majibu mawili ya kiufundi, na kila fundi anayetumia ubao wa kusawazishia plasta anaweza kuyajaribu leo. La kwanza: weka alama mbili ukutani, laza ukingo wa ubao kwenye alama hizo na upige mstari. Kisha ugeuze ubao, ukingo uleule uziguse alama zilezile kutoka upande wa pili, na upige mstari tena. Mistari ikilingana, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati kwa milimita 4, ukingo una kasoro ya milimita 2, kwa sababu kugeuza kumeonyesha kosa mara mbili.

La pili ni la mtu asiye na chochote kilichonyooka. Akichonga fito mbili mpaka zilingane, hajathibitisha kitu, maana moja inaweza kubonyea na nyingine kuvimba kwa kiasi kilekile, nazo zikashikana vizuri kabisa. Ni lazima achonge tatu: ya kwanza ilingane na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza. Fito tatu haziwezi kulingana zote, kila mbili kwa zamu, isipokuwa zote zimenyooka. Kwa hiyo unyoofu hauhitaji kuletwa na mtu mwingine mwenye kipimo kikubwa zaidi. Hupatikana kwa kulinganisha kwa uaminifu.

Mwanafalsafa Aristotle alikifahamu kifaa hiki vizuri. Katika kitabu chake kuhusu nafsi anasema kwamba kwa kilichonyooka tunakijua chenyewe na kilichopinda pia, maana kanōn ndiyo mwamuzi wa vyote viwili; kilichopinda hakiwezi kuamua juu yake chenyewe wala juu ya kilichonyooka. Na katika maandishi yake ya maadili, kitabu cha 5, anataja kanōn ya risasi iliyotumiwa na wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Risasi ni laini, hivyo kipimo hicho kilifuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha. Aliuleta mfano huo kufafanua uadilifu wa hakimu: sheria imeandikwa kwa jumla, kesi huja na mikunjo yake, na pale ambapo maneno ya jumla hayafiki, uamuzi hujikunja kulingana na jambo lenyewe. Wengi huunukuu mfano huu kama lawama dhidi ya kupindisha sheria. Aristotle alikuwa anasifu.

Kutoka mikononi mwa waashi neno lilihamia kwa wachongaji. Polykleitos wa Argos, katikati ya karne ya 5 KK, aliandika kitabu alichokiita Kanōn na kuchonga sanamu ya mbeba mkuki iliyoonyesha aliyoyaandika. Kitabu kimepotea, ila Galen, tabibu wa karne ya 2 BK, ametuachia kiini chake: uzuri uko katika uwiano wa kidole kwa kidole, vidole vyote kwa kiganja pamoja na kifundo cha mkono, hivyo kwa mkono wa chini, na huo kwa mkono wa juu. Sanamu ya shaba haipo tena, lakini nakala ya marumaru iliyofukuliwa Pompeii iko Napoli. Kwa mara ya kwanza kanōn si ufito. Ni kielelezo, mfano kamili ambao kazi nyingine hulinganishwa nao.

Wanamuziki wao walikipenda kifaa chenyewe. Waliuita kanōn ubao wenye uzi mmoja uliotumiwa kuthibitisha kwamba sauti zinazopatana zina uwiano wa namba ndogo, na kijitabu kinachohusishwa na Euclid kuhusu kuigawa kanōn kimebaki hadi leo. Kuutengeneza si kazi ngumu. Chukua ubao wa zaidi ya mita moja na robo, pigilia madaraja mawili yaliyo umbali wa sentimita 120, na uvute uzi mmoja juu yake. Andaa daraja dogo la tatu linaloteleza chini ya uzi. Ukipiga uzi mzima kisha sentimita 60, unasikia sauti ileile, ila ya juu: oktava, uwiano wa 2 kwa 1. Ukiacha sentimita 80 zilie, unapata nafasi ya tano, 3 kwa 2. Ukiacha 90, nafasi ya nne, 4 kwa 3. Na kati ya 90 na 80 iko hatua moja kamili ya ngazi ya muziki, 9 kwa 8.

Jaribio hili huharibika kwa sababu mbili. Daraja la katikati likiwa refu kupita kiasi, linaunyanyua uzi, mkazo unaongezeka na kila sauti inapanda. Linapaswa kuugusa tu. Na uzi ukiwa mnene upande mmoja kuliko mwingine, namba zote zinakuwa za uongo. Kuugundua ni rahisi: weka daraja katikati kabisa na upige pande zote mbili. Zisipolia sawa, tupa uzi huo. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa Aleksandria katika karne ya 2 BK, alishughulikia matatizo ya aina hii kwa makini katika kitabu chake cha muziki, kwa kuwa aliona kuwa sikio peke yake hukosea na hesabu peke yake hukosea pia.

Ubao huo wa uzi mmoja ndio uliowapa Waarabu jina qānūn kwa ala yao, hata baada ya nyuzi kuwa nyingi. Kanuni ya kawaida ya Kiarabu ina mafungu 26 ya nyuzi tatu tatu, jumla 78, juu ya sanduku lenye umbo la pembe nne lililokatwa mshazari upande mmoja. Daraja husimama juu ya vipande vya ngozi, mara nyingi ya samaki, na mpigaji hudonoa kwa vijiti vilivyofungwa kwa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono miwili. Kushoto kuna vishikizo vidogo vya chuma vinavyofupisha nyuzi ili kupandisha sauti kwa sehemu ndogo, kulingana na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Nyuzi tatu za fungu moja zisipolingana kabisa, sauti hutetemeka. Na kwa hewa ya pwani yenye unyevu, ngozi hulegea, daraja hushuka, na ala yote inateremka.

Historia ya taarab ya Unguja husimulia kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kuipiga. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliipa ala hii makao ya kudumu. Anayeketi nyuma ya kanuni leo na kuzilinganisha nyuzi zake moja moja anafanya kazi ileile ya ubao wa Wagiriki.

Mwanafalsafa wa Kigiriki Epicurus alitumia jina hilohilo kwa kitabu chake kuhusu namna ya kutambua ukweli. Kanōn yake ilikuwa na vipimo vitatu: hisi, dhana zilizokwisha kujengeka akilini, na maono ya raha na maumivu.

Kisha kuna maana inayowashangaza wengi: jedwali. Ufito mnyoofu ndio unaotumika kuchora safu, hivyo wataalamu wa nyota waliyaita majedwali yao kanones. Ptolemy alitoa Majedwali ya Mkononi kwa jina hilo, na orodha yake ya wafalme, inayoanza na mfalme Nabonassar wa Babeli mwaka 747 KK, mpaka leo huitwa kanoni ya wafalme. Askofu Eusebius wa Kaisaria alipanga vifungu vinavyofanana vya Injili nne katika majedwali 10, nayo yaliitwa kanones. Tangu hapo neno likabeba maana mbili kwa pamoja, kipimo na orodha, na mkanganyiko mwingi wa kidini umetokana na kutozitenganisha.

Mtume Paulo alikuwa bado upande wa kipimo. Katika Wagalatia 6:16 anawatakia amani wote waendao kwa kanōn hiyo, na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "kanuni". Watafsiri walichagua neno la kawaida la Kiswahili lililokuja na Waarabu, na kumbe lilikuwa neno lilelile la Paulo, likirudi kwenye sentensi yake baada ya kuzunguka mashariki. Katika karne ya 2 askofu Irenaeus alizungumzia kanōn ya ukweli, yaani muhtasari wa imani ambao mafundisho mapya yalilazwa ubavuni mwake. Ndiyo maana jina Kanuni ya Imani ni sahihi sana kwa Nasadiki: si sheria ya kuamini, ni kipimo cha kinachoaminiwa.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, mkutano mkuu wa maaskofu, ulitoa kanones 20. Ya mwisho inataka waumini wasali wamesimama, si kwa kupiga magoti, siku za Jumapili na katika kipindi cha Pentekoste. Maaskofu hawakuziita nomoi, neno la sheria za dola. Nomos ilikuwa ya kaisari, kanōn ya Kanisa, na vitabu vya baadaye vilivyounganisha aina zote mbili viliitwa nomokanoni. Kanisa Katoliki la Kilatini limeendelea na jina hilo: mkusanyo wake wa 1983 una kanuni 1,752.

Kwa vitabu vya Biblia, maana ya orodha ndiyo iliyotangulia. Askofu Athanasius wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tunavyovijua, na kuvieleza kwa kitenzi chenye maana ya vilivyowekwa kwenye kanōn. Kwamba vitabu hivyo pia ni kipimo cha imani ni kweli kwa waumini, lakini neno katika barua hiyo lilihusu kwanza kuorodheshwa. Vivyo hivyo mtu anapotangazwa mtakatifu: jina lake linaingizwa kwenye orodha. Na wanaodhani kwamba wasomi wa Aleksandria waliziita orodha zao za washairi bora "kanoni" wanakosea. Matumizi hayo yalianzishwa na msomi wa Ulaya David Ruhnken mwaka 1768.

Kwa Waarabu neno lilifika kupitia Wakristo wa Kisiria waliosema qanona, na kupitia madaftari ya kodi ya ardhi katika nchi zilizokuwa chini ya Warumi. Wanazuoni wakalipeleka mbali. Tabibu Ibn Sina aliita Qānūn kitabu chake cha tiba chenye sehemu tano, kilichokamilika karibu na mwaka 1025, na al-Biruni akaandika Qānūn ya elimu ya nyota kwa ajili ya Sultan Mas'ud wa Ghazna karibu na 1030. Wao wanafuata maana ya zamani: kitabu ambacho tabibu au mnajimu hukagua kazi yake kwacho. Waosmani walilielekeza kwenye utawala. Sharia ilitoka kwa Mungu, na kanun ilitungwa na sultani pale ambapo sharia iliacha nafasi, hasa kodi, ardhi na adhabu. Sultani wao Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, Waturuki humwita Kanuni, na jina hilo hulitamka karibu sawa na sisi.

Mgawanyo unaofanana na huo uko katika sheria zetu. Nchini Tanzania, Bunge hutunga sheria, na waziri hutunga kanuni chini ya sheria hiyo, zikatangazwa kwa Tangazo la Serikali lenye namba. Kanuni ikipingana na sheria mama, inashindwa. Msomaji anayetaka kujua wajibu wake hana budi kusoma zote mbili: sheria itamwambia kibali kinahitajika, kanuni zitamwambia fomu ipi, ada kiasi gani na kwa siku ngapi. Jina linalovuruga mpangilio huu ni Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ambayo ina hadhi kamili ya sheria ya Bunge licha ya neno kanuni kuwemo katika jina lake.

Yako maneno yanayofanana nalo bila undugu wowote. Kanisa limetoka kwenye shina la Kisemiti la kukusanyika. Kanali wa jeshi ametoka kwenye neno la Kiitalia la safu. Jina la Ulaya la mzinga, kwa upande mwingine, ni binamu wa kweli: Waitalia walitoa cannone kutoka canna, mwanzi wenye tundu, ambao Walatini waliuchukua kwa Wagiriki.

Na mwanzi huu umetufikia kwa njia ya pili, kupitia lugha za Ulaya, ukiwa kanoni yenye o. Watafsiri wanapaswa kuzitenga. Kanoni ni orodha ya vitabu vya Biblia, na ni cheo cha padri wa Kianglikana. Ndiyo maana tunasema vitabu vya deuterokanoni, yaani vya kanoni ya pili. Kanuni ni kipimo au agizo lenye namba. "Kanuni ya Agano Jipya" itasikika kama agizo lililomo ndani ya Agano Jipya, kwa hiyo orodha ya Athanasius iandikwe kanoni. Na uamuzi wa Nikea kuhusu kusimama siku ya Jumapili uandikwe Kanuni ya 20.